Jina la Jikoni

Shirinbai alivaa lulu zake kwenda redioni, ingawa mtu mzima yeyote anajua kwamba redio haionyeshi lulu. Alivaa na koti la sufu alilolinunua kwa harusi ya mpwa wake, akajipulizia manukato, na njia nzima akawa anamwuliza mjukuu wake Zeena kama nywele zimekaa sawa.

"Nanima, hakuna atakayekuona," Zeena alimjibu kwa Kiingereza. Kiswahili na Kikachi cha Wahindi wa kwao anavielewa, kuvijibu ndiyo kazi.

"Fundi mitambo ataniona," alisema bibi yake, na hapo mjadala ukafungwa.

Alikuwa na haki ya kujipamba. Bintiye, Nilofar Madatali, ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na sita kati ya hiyo ameimaliza mbele ya maiki. Alianzia Leicester, Uingereza, ambako familia ilihamia kutoka Dar es Salaam yeye akiwa na miaka saba. Bosi wake wa kwanza alimwambia, "Jina lako linanigomea mdomoni," akampa jingine: Nell. Miaka kumi na moja akawa Nell. Asubuhi moja akafungua kipindi kwa kusema, "Mimi ni Nilofar Madatali, na nimekuwa yeye siku zote." Ijumaa akafukuzwa. Akavuka bahari, akaanza upya Toronto, na hapa ndiye sauti ya asubuhi. Ndiye pia aliyewashinikiza waajiri wakubali kusoma maombi ya kazi majina yakiwa yamefunikwa, ili akina Mohamed na akina Wanjiru nao waitwe kwenye usaili. Msemo wake unajulikana: jina la mtu si la kupunguzwa kama suruali.

Jumatatu iliyofuata alikuwa aanze kipindi kipya cha nchi nzima, kiitwacho Jina Kamili. Alhamisi hiyo ya Februari, kwa kukinogesha, alimkaribisha mama yake hewani.

* * *

"Waambie wasikilizaji habari ya mwiko," Nilofar alisema.

Shirinbai akasogelea maiki, lulu zikagonga meza. Akaeleza, kwa Kiingereza chake cha mtaani Upanga, Dar es Salaam: redio juu ya kabati la jikoni, Nilofar mdogo kasimama juu ya debe tupu, kashika mwiko wa ugali mdomoni, anasoma taarifa ya habari. "Na msikilizaji wake alikuwa yaya wetu, Maria. Mtu mzuri sana, Maria. Alikuwa kama ndugu."

Kama ndugu! Ndugu aliyekula amesimama, mlango wa nyuma, kwenye sahani ya bati isiyochanganywa na za wenye nyumba. Lakini Shirinbai hakusema uongo. Ndivyo alivyokumbuka, na alikumbuka kwa mapenzi.

Kisa cha mwiko kila mtu alikijua. Nilofar amekisimulia miaka thelathini. Simu zikaanza kuwaka. Kwenye skrini mpokea simu alikuwa ameandika: Mimi, mtaa wa Mount Dennis.

"Habari za asubuhi, Mimi," alisema Nilofar.

"Siitwi Mimi," sauti ya mwanamke ilisema kwa Kiingereza. "Nimetaja jina langu mara tatu huko nilikopokelewa. Basi, si kitu." Kisha akageukia Kiswahili, Kiswahili cha Dar kilichonyooka. "Dada Nilofar, huyo yaya ni mama yangu mzazi. Ule mwiko anauzungumza mpaka leo. Yeye ndiye aliyekufundisha kusema, 'Ifuatayo ni taarifa ya habari.' Ila Maria halikuwa jina lake hata siku moja. Mama yangu anaitwa..."

Kidole cha Nilofar kikabonyeza kitufe. Laini ikafa.

"Asante sana kwa simu yako," alisema, sauti laini kama siagi. "Sasa tusikie hali ya barabara." Na mtu wa barabara akaeleza kwamba kuna lori limelala barabara ya Gardiner, wenye haraka watafute njia nyingine.

Upande wa pili wa kioo, prodyusa Mervyn alivua hedifoni taratibu. Mervyn ni Mgoa aliyezaliwa Nairobi. Alikuwa ameelewa kila neno.

"Yule alisemaje?" Shirinbai aliuliza. Masikio yake siku hizi yanachagua. "Simu ilikatika?"

"Ilikatika, Mama."

* * *

"Haikukatika, dada," Mervyn alisema baada ya kipindi. "Umeikata."

"Najua."

"Katikati ya jina. Wewe, kati ya watu wote."

"Mervyn, nimesema najua!"

Leanne, mkuu wa vipindi, aliingia na kikombe chake cha kahawa. Si mtu mbaya Leanne. Kipindi cha nchi nzima alikipigania miaka miwili mpaka wakubwa wakachoka kusema hapana. Aliuliza yule mama alisema nini, akaelezwa. Akahesabu hatari kichwani.

"Wangapi wameelewa?"

"Kila Mswahili wa jiji hili," alisema Nilofar.

"Yaani wachache. Sikiliza. Hukumtukana mtu. Ulikata simu ya lugha ambayo wasikilizaji hawaielewi, na ndiyo kanuni yetu. Liache lipite. Ukilifufua kabla ya Jumatatu, wakubwa wataingiwa na baridi na kipindi watampa mwingine. Sikutishi, nawajua."

Nilofar akakusanya karatasi zake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu, tusifichane, kulikuwa na nafuu: kumbe inawezekana kunyamaza.

Mervyn alimfuata kwenye lifti akamtia karatasi mkononi. Namba ya simu, na juu yake jina kwa herufi kubwa: MWAMVITA.

"Nimempigia kumwomba radhi ya pale mapokezi," alisema. "Unajua, kwetu Nairobi yaya wote walikuwa Rosa. Mmoja akitoka, Rosa mwingine anaingia. Tangu asubuhi najaribu kukumbuka jina la hata mmoja. Wapi!"

* * *

Kufikia chakula cha jioni, ile simu ilikuwa imezunguka makundi yote ya WhatsApp ya Watanzania wa Toronto. Zeena alikuwa na rafiki kwenye kundi mojawapo.

"Mom, 'nyani haoni kundule' maana yake nini? Nyani ni wewe?"

"Kula chakula chako," alisema Nilofar. Kisha akamgeukia mama yake, kwa Kikachi, lugha yao ya nyumbani. "Ma, yaya wetu aliitwa nani?"

"Maria."

"Jina lake."

"Si ndiyo nakwambia, Maria."

"Ma. Yule mwanamke wa asubuhi ni binti yake. Simu haikukatika, niliikata mimi. Alikuwa anataka kutuambia jina la mama yake."

Shirinbai akaweka chapati yake chini. Vidole vikafuta unga usiokuwapo mezani. "Nilipoolewa nilimkuta yaya Maria. Akaondoka, akaja mwingine. Mama mkwe akasema, nyumba hii yaya ni Maria, mimi siwezi kujifunza jina jipya kila mwaka. Na mimi nilikuwa nani? Mgeni. Naogopa hata kuomba chumvi. Ulitaka nigombane na bibi yako kwa ajili ya jina la yaya?"

"Bibi alikufa mimi nina miaka miwili. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tulishazoea. Na lilikuwa jina refu. Lilikuwa linanigomea mdomoni."

Nilofar akainua macho. Shirinbai naye alijisikia. Maneno ya bosi wa Leicester, neno kwa neno. Kisa hicho amekisikia mara mia, na kila mara amemlaani yule bwana kwa Kikachi na kwa Kiingereza. Uso ukamwiva.

"Usinifananishe na yule mtu!"

"Sijasema kitu."

"Umeniangalia! Haya, nisikilize. Ukinitangaza redioni kama mama mbaya, mimi nahamia kwa kaka yako Amyn, Vaughan. Mezani kwako sitakula tena. Na wewe je? Umesimulia habari za Maria miaka thelathini. Ulishawahi kuniuliza jina lake?"

Hapo Nilofar alishikika. Hakuwahi. Alimpenda yule mwanamke kuliko shangazi zake wote, alilala mgongoni kwake, Kiswahili chake cha kwanza kilitoka kinywani mwake, na hakuwahi kuuliza.

* * *

Jumamosi alikwenda Mount Dennis peke yake. Lifti moja ilikuwa mbovu na ya pili imejaa godoro la mtu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba na koti lake zito. Mwamvita alifungua akiwa amevaa sare yake ya uhudumu wa wazee, tayari kwenda zamu.

"Karibu, dada. Usivue viatu, sakafu ya baridi," alisema. Hakutabasamu, wala hakuwa mkali.

Mama yake alikuwa ameketi karibu na dirisha, kanga mbili, soksi nene, redio ndogo pembeni. Miaka sabini na tisa. Nilofar alimjua kwa mikono kabla ya uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nilu. Lo, umenenepa! Kaa. Usilie kwanza, ndiyo kwanza umefika." Akamtazama mpaka alipotosheka. "Mimi naitwa Sikudhani binti Selemani. Mama yangu alizaa watoto watano wakamfia. Nilipopona mimi akasema, sikudhani. Ndilo jina langu."

"Sikudhani," alisema Nilofar.

"Ehe. Umeona? Halimwumi mtu."

Mwamvita alisogeza chai, akaahirisha kuondoka, akasimama kando ya mlango akisikiliza. Mama yake akaendelea, bila haraka.

"Miaka saba mimi Maria. Nimehitimu chuoni, Kurani nimeikhitimisha, naitwa Maria. Watoto wa uani nao wakadaka, Maria, Maria. Siku ya Idi naomba ruhusa kwa mama yako. Unajua aliniambia nini? 'Maria, Krismasi bado!' Na yeye kavaa nguo mpya ya Idi! Mwislamu mwenzangu!" Alicheka mpaka kifua kikabana. "Sisi wa uani naye tulimpa lake, usifikiri. Tulimwita Mama Funguo. Sukari imefungwa, mchele umefungwa, kiberiti kimefungwa. Akitembea unamsikia, cheke cheke cheke."

Nilofar alicheka, kisha kicheko kikageuka akalia kweli, mbele ya watu, kamasi na yote.

"Hayo ya zamani nilishayameza," Sikudhani alisema. "Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nilishayameza. Kilichoniuma ni juzi. Nilivaa kanga mpya kusikiliza redio! Nikasema, leo Nilu atalisikia jina langu. Ukakata."

"Niliogopa, mama. Nilidhani kila nilichokijenga kitaanguka."

"Kwa jina langu?"

Nilofar akajifuta uso kwa kiganja. Akaomba ruhusa alitaje hewani Jumatatu.

"Litaje, si siri. Lakini mimi redioni siendi. Na wewe ulikuwa mtoto, sina neno na wewe tena. Ninayemtaka ni yule aliyekuwa akiniita. Aje aniite. Mara moja tu, kwa jina langu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia jikoni. Basi, nitakuwa nimetosheka."

* * *

Jumatatu Leanne alisimama nyuma ya kioo na wakubwa wawili waliokuja na maua. Muziki wa kufungulia ukapiga. Nilofar alikuwa na karatasi ya salamu iliyoandikwa vizuri, akaigeuza kifudifudi.

"Mimi ni Nilofar Madatali," alisema kwa Kiingereza, nchi nzima ikisikia. "Kusoma habari nilifundishwa na mwanamke mmoja, jikoni. Miaka thelathini nimewaambia kwamba aliitwa Maria. Hakuitwa Maria. Sisi tuliokuwa tukihudumiwa naye ndio tuliompa jina hilo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwetu. Alhamisi binti yake alipiga simu kunisahihisha nami nikamkata katikati ya jina. Simu haikukatika. Niliikata, na kosa ni langu." Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole: "Anaitwa Sikudhani binti Selemani. Hapa ni Toronto. Ifuatayo ni taarifa ya habari."

Mervyn alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati. Wale wakubwa wawili waliondoka na maua yao.

Mchana akaambiwa kipindi cha nchi nzima, baada ya ufunguzi huo, kimesogezwa mbele kidogo. Jumatano akasikia kimesogezwa kwa Marc, mtangazaji mpole wa vipindi vya jioni, ambaye jina lake halijawahi kumsumbua mtu. Nilofar akabaki na asubuhi yake ya Toronto. Iliuma. Asikudanganye mtu kwamba ukweli hauna bei. Alilipa na akajifungia chooni kazini akalia kama nusu saa.

Nyumbani, Shirinbai, aliyefikishiwa ombi la Sikudhani tangu Jumamosi, alikuwa amefunga sanduku lake na kuliweka mlangoni tayari kwa Vaughan. Lilikaa pale Jumatatu, Jumanne, Jumatano, watu wakiliruka kwenda kuvaa viatu. Amyn alipiga simu akisema chumba kipo tayari, akajibiwa barabara zina theluji. Theluji ya barabarani ilikuwa imeshayeyuka. Chakula alikula chumbani, kwenye trei.

Alhamisi alasiri Nilofar alipita mlangoni kwake na nguo za kufua, akasikia sauti ndani. Akadhani anasali. Akasimama.

"Siku-zani," mama yake alikuwa akisema. "Siku-dani. Siku... siku... Ya Ali, ulimi huu! Siku-zani."

Nilofar akaondoka kwa ncha za vidole.

* * *

Jumamosi Shirinbai alitokea ukumbini, koti mwilini, lulu shingoni, kopo la keki ya iliki mkononi.

"Nipeleke."

"Ma, si lazima kama..."

"Redioni ulisema kosa ni lako. Ukanificha nyuma yako kama mtoto. Mimi si mtoto, Nilofar. Lile jina sikulianzisha, lakini mdomo uliolitumia ulikuwa huu wangu."

Zeena aliendesha gari. Njiani bibi alitazama theluji chafu pembeni mwa barabara. Kiswahili cha Shirinbai kilikuwa cha jikoni, cha amri tupu: lete, weka, futa, funga mlango, wewe nakwenda wapi. Walipokata kona ya mwisho akauliza kwa Kikachi, "Kuomba radhi kwa Kiswahili wanasemaje?"

"Samahani, Ma. Au naomba unisamehe."

"Naomba," alirudia. "Miaka thelathini na mbili Dar es Salaam, hilo neno sikuwahi kulihitaji."

Lifti, Mungu mkubwa, ilifanya kazi. Mwamvita, aliyekwisha kuarifiwa kwa simu, aliwafungulia, akawaingiza sebuleni. Harufu ya maandazi ilijaa nyumba nzima. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

"Yupo jikoni," alisema Mwamvita. "Amesema umwite mwenyewe, mama."

Shirinbai alitazama mlango wa jikoni. Sebule hapa, jikoni kule, mlango katikati: palikuwa vile vile kama Upanga. Akalikumbatia kopo kifuani. Akavuta pumzi.

"Sikuzani!"

Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka. Hakuna aliyeitika.

Nilofar akataka kufungua mdomo. Zeena akamshika mkono akamkaza.

"Sikudani!"

Kimya. Mwamvita aliinamisha uso. Shirinbai akatoa ncha ya ulimi, akaishika katikati ya meno kama alivyofanya mazoezi wiki nzima, na safari hii akaita kwa sauti ile ya zamani, ya kupasua ukuta, lakini mwishoni ikamkatikia.

"Sikudhani! Naomba... mimi naomba!"

"Abee," sauti ikajibu kutoka jikoni. Haikuwa na haraka hata kidogo. "Nimesikia. Ngoja kwanza, maandazi yangu yataungua."

Tangu azaliwe, Shirinbai hajawahi kuambiwa ngoja kutoka jikoni. Hakuna aliyempa kiti. Akasimama na kopo lake la keki, magoti yakimwuma, akangoja.